Mpira wa Siku Mbili

Jumapili, 3 Machi

Baba Kitone,

Barua yako ilifika Ijumaa, inanuka dizeli mpaka mama yako akasema tukaisomee nje. Dereva wa tangi aliyeileta anakusalimu. Anasema huko kambini umekonda lakini sauti imeongezeka.

Sisi tupo. Kitone anatimiza mwezi keshokutwa. Ananyonya kama mtu anayechelewa safari, halafu analala amekunja ngumi. Ana paji lako la uso. Mama anasema ana kiburi chako pia, ila hicho ngoja kwanza tukione.

Sasa habari za Nyumbu wako. Siku unaondoka uliniambia gari liko tayari, kazi yangu ni kuendesha tu. Naendesha. Kwenye tambarare anakwenda vizuri, mpaka watu wanasimama barabarani kusikiliza hiyo injini kubwa uliyomtia. Lakini nikipanda kile kilima cha kwenda sokoni kuna harufu inaingia ndani. Si petroli, si breki. Ni kama mtu kasahau sufuria ya mafuta jikoni. Juzi nilisimama kidogo, nikarudisha gia kwenye D, gari likakaa linafikiri. Injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Nikahesabu mpaka nne ndipo likaondoka. Hilo ni la kawaida kwa gari la otomatiki, au ni mimi?

Niandikie kama unamwandikia mtu asiyejua spana inashikwa wapi.

Jingine ni la kucheka. Mama kakuta stoo kile kidude chako cha bati kilichofungwa gazeti, chenye bomba jembamba lililojikunja na mapezi kama kichana. Amekiosha kwa sabuni na maji ya moto, amekiweka dirishani, anakianikia vijiko. Vinasimama humo wima kama wanafunzi mstarini. Anasema kwa mara ya kwanza umeleta kitu cha maana nyumbani.

Kula vizuri huko. Usiishi kwa chai.

Mama Kitone


Jumapili hiyo hiyo

Dada yangu,

Nimetoka kufunga barua ya shemeji yako sasa hivi, na nakuandikia wewe yale niliyomficha yeye. Nisipomwambia mtu nitapasuka.

Ni miguu ya mtoto. Alizaliwa nyayo zimegeukia ndani, zinaangaliana kama watu wawili wanaonong'ona. Mkunga aliniwekea kifuani akiwa amefunikwa mpaka kiunoni, akanipa muda wa kumpenda kwanza, ndipo akafunua shuka.

Zinanyooshwa, Dada, usilie. Kila Alhamisi wanatoa plasta ya zamani, nesi anausogeza mguu kidogo kidogo kwa vidole vyake, kisha wanafunga plasta mpya kuanzia vidoleni mpaka pajani. Plasta sita au saba, bila kuruka hata wiki moja. Nesi aliniambia akinitazama machoni: "Mama, ukiruka, mguu unarudi ulikotoka, na sisi tunarudi nao." Nimemaliza mbili.

Chumba cha plasta kiko hospitali ya ng'ambo ya mlima, na kinafungwa saa sita mchana. Basi linafika huko saa nane. Ndiyo maana napanda na Nyumbu. Si kilima cha sokoni kama nilivyomwandikia. Ni mlima mzima, kona kumi na moja, mtoto yuko nyuma kwenye kikapu, na mama mkwe yuko pembeni yake anasali kwa sauti kila kona, halafu baada ya sala ananiambia "Ongeza mwendo."

Utauliza kwa nini simwambii mwenyewe. Mkataba wake kule kwenye ujenzi wa barabara unaisha Agosti, na anayeondoka kabla ya hapo hapokelewi tena, hata awe fundi wa namna gani. Namjua. Akisikia neno miguu atarukia hilo tangi siku hiyo hiyo. Nilimuuliza mama yake: "Mama, tumwambie?" Akasema: "Aje afanye nini? Alie, tumpikie na yeye?" Tukacheka sana.

Usinijibu kwa ukali. Nimechoka. Jana nilitia chumvi kwenye chai nikainywa yote.

Mdogo wako


Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu,

Soma polepole, nimeandika kama ulivyotaka.

Gia boksi ya otomatiki inafanya kazi kwa mafuta. Mafuta yakipata moto sana yanaungua, na yakishaungua hayashiki kitu. Ndiyo hiyo harufu, na ndiko huko kufikiri. Sasa fanya hivi. Vuta kile kijiti cha kupimia, kipanguse kwa kitambaa cheupe. Mafuta yakiwa mekundu ni mazima. Yakiwa ya kahawia yamechoka. Yakiwa meusi usiwashe gari. Ukipanda usiache gia kwenye D, ivute mpaka 2, na pakiwa pakali zaidi iweke L, uende taratibu bila kukanyaga na kuachia. Ukisikia harufu, kaa pembeni, zima injini kabisa, fungua boneti, subiri nusu saa. Usiiache inanguruma. Zima.

Lakini nadhani ugonjwa ni mguu wako. Una mguu mzito tangu nilipokufundisha, unakanyaga kama unaua mende. Gari lenyewe halina kasoro. Nimelifunga kwa mikono yangu na mtaa mzima ulisimama ukitazama. Kwa kwenda sokoni na kurudi litanisubiri mpaka Agosti.

Kile kidude Mama aache kukichezea. Kikaushwe, kifungwe gazeti, kirudi stoo. Si cha vijiko.

Uniandikie namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, nijue lini mafuta yabadilishwe. Nilipoondoka ilikuwa 148,020.

Huku nimelala siku tatu chini ya greda, nikitoka nje jua linaniuma kama nimetoka jela. Mbusu Kitone kwenye nyayo, zote mbili. Wenzangu hapa wenye watoto wanasema mtoto mchanga utamu wake uko kwenye nyayo.

Mumeo


Jumapili, 17 Machi

Baba Kitone,

Nimembusu. Nyayo zenyewe nimezifunika, kuna baridi asubuhi.

Nilivuta kijiti. Mafuta ni ya kahawia, na usidhani kahawia ya chai, ni ya kahawa. Alhamisi nilipanda na 2, nikaweka L, harufu ikaja vilevile. Nikakaa pembeni, nikazima kabisa, nusu saa kwa saa ya mkononi. Nikaondoka. Ikaja tena. Nikazima tena. Nilifika sokoni watu wanaanza kufunga. Kama kuna dawa nyingine uliyoisahau, niambie, kwa sababu hii ya kukaa pembeni ya barabara na mtoto analia si dawa, ni kupumzika tu.

Namba ya leo ni 148,790.

Kidude Mama amekataa kukirudisha. Anasema ukirudi utakirudisha mwenyewe. Mimi sina nguvu ya kugombana na mtu anayenishikia mtoto nikalala hata saa moja. Kina kosa gani lakini kikikaa dirishani?

Kuhusu mguu wangu mzito, tutaongea ukirudi.

Mama Kitone


Alhamisi, 21 Machi

Mama Kitone,

Nimekaa na namba yako siku mbili mfukoni.

Nilipoondoka 148,020. Sasa 148,790. Hizo ni kilomita mia saba na sabini. Soko liko kilomita mbili. Hata ungekwenda sokoni kunywa maji huwezi kuzifikisha.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Jana tumekaa mezani, dereva wa tangi akasema, bila ubaya wowote, "Fundi, Nyumbu wako siku hizi anapanda mlima! Nilimwona Alhamisi kona ya tisa, boneti wazi, shemeji kasimama na bwana mmoja kamshikia mwavuli." Meza nzima ikacheka. Mmoja akasema, "Huyo ndiye rejeta yake." Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Ng'ambo ya mlima kuna nini? Kuna nani? Kwa nini umeniandikia sokoni, sokoni, sokoni? Mama naye yuko humo ndani, anaona, ananyamaza. Nijibu moja kwa moja. Nilikutengenezea gari la kumbebea mtoto. Sikukutengenezea gari la kuondokea.

Mumeo, kama bado


Ijumaa, 22 Machi, asubuhi

Baba Kitone,

Leo nakuandikia yote. Kaa chini hapo ulipo.

Mtoto wako alizaliwa miguu imepinda, nyayo zimegeukia ndani. Nilikuficha. Kila Alhamisi tangu Februari nampeleka hospitali ng'ambo ya mlima kufungwa plasta ya kuinyoosha. Amefungwa mara nne. Nyayo zilikuwa zimeshaanza kunyooka, nilikuwa nakupangia siku ya kukuambia, nikuambie zikiwa zimepona, uzione kwenye karatasi tayari zimepona. Ndilo lililonifanya nikae kimya, hilo na mkataba wako.

Jana ilikuwa ya tano. Kona ya saba, nikiwa kwenye L kama ulivyonifundisha, mguu umetulia kama ulivyonifundisha, injini ikanguruma kwa nguvu na gari likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki, nikavuta ya mkono, na bado lilikuwa linateleza kwenye kokoto. Mama yako alifungua mlango na miaka yake yote akaruka, akachukua jiwe kando ya barabara akaliweka nyuma ya gurudumu. Vidole vyake viwili vimechubuka. Akasimama akatazama bondeni, akasema, "Mwanangu kanitengenezea jeneza lenye honi." Lilipopoa kidogo likashika, nikageuza, nikashuka kwa breki peke yake mpaka chini.

Plasta ya wiki iliyopita ilikuwa imeanza kumbana. Jioni vidole vya mguu vikawa vya zambarau. Nesi alishanionya: vikibadilika rangi na huwezi kufika, loweka uitoe. Nikaloweka kwenye beseni, nikaibandua kipande kipande, na yeye ananitazama tu. Leo miguu iko wazi. Naiona inavyoanza kukumbuka ilikotoka.

Nilipotoka mlimani nilipitia kwa fundi mmoja wa gia boksi, nyuma ya kituo cha mafuta, wanamwita Sikio kwa kuwa husikiliza gari kabla ya kuligusa. Akavuta kijiti. Meusi. Akaniuliza:

"Mama, likipata moto ulikuwa unafanyaje?"

"Nazima injini, nasubiri nusu saa."

"Unazima? Nani kakwambia uzime?"

"Baba mtoto. Ni fundi."

Akanitazama. Akaingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka akajifuta mikono, akaongea taratibu kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Mama, gari zima likipata moto, unaweka N, unaacha injini inazunguka, ili mafuta yaende kwenye rejeta yakapoe yarudi. Kila fundi anajua. Anayekwambia uzime ni yule anayejua kwamba mafuta hayana pa kwenda kupoa. Njoo uone."

Nikainama, mtoto mgongoni. Yale mabomba mawili ya mafuta ya gia, linalotoka na linalorudi, yameunganishwa kwa kipande cha mpira, kimepinda kama kiatu cha farasi. Mafuta yanatoka na moto, yanazunguka kwenye mpira wa urefu wa kiganja, yanarudi na moto uleule. Sikio akasema, "Injini ya kilo nyingi, matairi makubwa, na mafuta yanapigwa danadana. Aliyefunga hivi si mjinga. Ameficha."

Ulijua. Uliponiandikia "Zima", ulijua. Uliponiandikia mguu mzito, ulijua.

Mama Kitone


Jumamosi, 23 Machi

Baba Kitone,

Barua yako ya kilomita imefika jana jioni, hii ya kwangu ya asubuhi ikiwa bado haijatoka. Nimefikiria kuichana niandike nyingine yenye hasira zaidi. Nimeiacha ilivyo. Majibu yako yamo.

Yule bwana wa mwavuli ni dereva wa lori la nyanya. Ana umri wa baba yangu. Aliona mtoto juani akasimama. Hakuniuliza hata jina.

Mama amesoma barua yako. Ameenda kulala saa kumi na moja, jua lingali juu.

Sasa sikiliza, naandika mara moja tu. Usije. Ukirukia hilo tangi utakuwa umenipa mtu wa tatu wa kumbeba. Kaa hapo hapo, niambie ulifanya nini kwenye gari hili na linatengenezwaje. Ukweli mtupu, hata kama unakuaibisha.

Mimi bado ni mkeo. Sijaandika "kama".


Alhamisi, 28 Machi

Mke wangu,

Nilifunga begi. Nikasimama kwenye ngazi ya tangi, dereva amewasha. Nikashuka kwa sababu ya ule mstari wako, mtu wa tatu wa kumbeba. Hajawahi mtu kunipima kwa usahihi hivyo.

Nisamehe nilivyokuandikia. Mama nitamwandikia peke yake, leo mikono haijui ianzie wapi.

Ukweli wa gari ni huu. Nilipoweka ile injini kubwa, rejeta ya zamani haikuitosha. Niliyopata ilitoka kwenye gari la gia za mkono. Inapoza maji ya injini vizuri sana, ila haina sehemu ya kupitisha mafuta ya gia. Nilijua. Nikatafuta rejeta ndogo ya pembeni, ya mafuta peke yake, nikaipata. Mpira sahihi wa mafuta ya moto ulikuwa bado haujaja. Nikayaunganisha yale mabomba kwa kipande cha mpira, nikajiambia ni wa siku mbili. Kesho yake kampuni ikaniita, niondoke siku tatu kabla ya tarehe yangu. Jioni hiyo watu wamejaa uani, wananipiga mgongoni, wanasema mtaa huu haujawahi kuona kazi kama hii. Wewe na tumbo lako ulikuwa umekaa kwenye kigoda unacheka. Nikasema liko tayari. Neno likatoka hivyo hivyo, na likishatoka sikupata pa kulirudishia.

Ile rejeta ndogo, mke wangu, ni kile anachoanikia vijiko Mama.

Niliposoma barua yako ya kwanza nilicheka, halafu nikakitambua kidude. Ningeandika siku ile ile: chukua hicho, mpe fundi yeyote, ni kazi ya nusu siku. Nikaandika kirudi stoo, kama bwana mkubwa. Nilijipa moyo kwamba ni sokoni tu, kilima kimoja kifupi, mafuta yatavumilia. Wewe ulinidanganya njia, mimi nikakudanganya gari, na mtoto kapanda vyote viwili.

Mpe Sikio maneno haya. Rejeta ndogo ikae mbele ya ile kubwa, nyuma ya wavu wa mbele, iachane nayo kwa unene wa kidole ili upepo upite. Midomo yake itazame juu, hewa isibaki ndani. Mpira uwe wa mafuta, usiwe wa maji, wa maji utalainika kama mkate kwenye chai. Vibano viwili kila mwisho. Amwage mafuta yote, asafishe chujio, atie mapya, apime injini ikiwa inazunguka. Kabla ya yote asukume sabuni yote ya Mama itoke kwenye lile bomba, na likauke kabisa kwa upepo wa mashine. Tone moja la maji humo ni maafa. Na afunge geji ya joto pale unapoiona bila kuinama. Ningekuwa nimekufungia geji tangu mwanzo ungeuona uongo wangu.

Miguu yake inamuuma?

Mumeo


Jumapili, 14 Aprili

Baba Kitone,

Usiku analia ikibanwa, mchana anasahau. Ndiyo jibu lako.

Barua yako ilifika Ijumaa ile ya tarehe 29. Jumatatu yake nikapeleka rejeta kwa Sikio, vijiko nimevimwaga mezani. Mama alisimama mlangoni. "Ndiyo hiyo?" "Ndiyo hiyo, Mama." Akakaa. "Mwezi mzima naiosha kila siku," akasema. "Ningekuwa nimejua ningeibeba mgongoni mpaka kwa huyo fundi." Sikio aliisukuma upepo, povu likatoka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Hili ndilo gari la kwanza ninaloliona linapiga mswaki." Akamaliza Jumatano mchana. Ule mpira wa siku mbili nimeuomba, nimeuweka kwenye droo ya sahani. Ukirudi utauona kila ukichukua sahani.

Tumepanda Alhamisi mbili sasa, tarehe 4 na tarehe 11. Geji iko mbele ya macho yangu. Kona ya saba nilikuwa natazama sindano zaidi ya barabara, Mama akanipiga bega. Sindano ilipanda mpaka katikati, ikakaa. Kona ya tisa tukasimama, nikaweka N, nikaacha injini inazunguka, sindano ikashuka yenyewe taratibu, tukaitazama wote kama watu wanaotazama homa inashuka. Hakuna harufu. Mama hakusali, alilala.

Lakini sitakuandikia kwamba yote yamepona, tumeshaandikiana vya kutosha vya namna hiyo. Gia ya tatu imeshaungua. Sikio anasema haitarudi, itavumilia mpaka Agosti nisipoikimbiza, kisha gia boksi yote ishushwe. Na miguu ilikaa wazi wiki mbili. Nesi aliishika, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Ilikuwaje, mama?" Nikamweleza. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akasema, "Tumerudi ya tatu. Tunaanza hapo." Kwa hiyo ni wiki nyingine hizo, na mwishoni kuna operesheni ndogo ya kukata mshipa wa kisigino, na plasta ya wiki tatu.

Baada ya hapo kuna viatu. Viatu viwili vidogo vilivyofungwa kwenye kipande cha chuma, avae usiku na mchana miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka akue, miguu isisahau tena. Viatu hospitali wanavyo. Vyuma vya saizi yake vimekwisha, na vikubwa havimfai. Nesi akasema, "Huna mtu anayejua chuma?" Nikamwambia ninaye.

Humu kwenye bahasha kuna uzi mwekundu, usije ukautupa. Nimeupima mwenyewe akiwa amelala, kutoka bega mpaka bega, nikaufunga fundo kila mwisho. Fundo mpaka fundo ndio urefu wa chuma. Chepesi, kisiwe na ncha, matundu mawili kila upande. Mchoro wa nesi uko nyuma ya karatasi hii. Kinatakiwa mwisho wa Mei, muda upo.

Ukikwama, andika umekwama. Ukikosea, andika umekosea. Mimi naweza kuishi na kitu ambacho bado. Siwezi tena kuishi na "liko tayari".

Mama anasema hana pa kuanikia vijiko.

Mama Kitone


Alhamisi, 18 Aprili

Mama Kitone,

Uzi umefika.

Niliuweka mezani baada ya kazi, nikaunyoosha juu ya mkono wangu. Unaanzia ncha ya kidole cha kati, unaishia kwenye kifundo cha mkono. Basi. Miezi yote hii nilikuwa namwaza mtoto mkubwa kidogo. Wenzangu waliniuliza ni uzi wa nini. Nikawaambia ni mabega ya binti yangu, na kwamba miguu yake imepinda na inanyooshwa, na kwamba yule bwana wa mwavuli ni dereva wa lori la nyanya. Hakuna aliyecheka. Dereva wa tangi akaniomba auone, akaosha mikono kwanza.

Chuma nimepata, kipande chepesi cha ngazi ya greda iliyokufa. Nimekikata, nimekisugua mpaka kinapita shavuni bila kukwaruza. Kisha nikatoboa. Matundu ya upande wa kushoto yamekaa sawa. Ya kulia yamekimbia kwa unene wa ukucha. Nilikitazama sana. Kwa macho kosa halionekani. Ningekifunga kwenye gazeti kingekufikia kesho, nesi angekifunga, na mguu mmoja ungekaa pembeni kidogo kila usiku bila mtu kujua kwa nini.

Nimekirudisha kwenye vyuma chakavu. Kesho nikitoka zamu nakata kingine.

Kwa hiyo tangi la wiki hii linakuja na barua tupu. Nimekosea, na bado hakijakamilika.

Baba Kitone